Anayekwenda Kusoma Zaidi Aondoke na Swali

(Mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya walimu na watumishi wa umma wa Nkome, mkoani Geita)



Kila mwaka vyuo vikuu vinapotangaza nafasi za masomo ya shahada ya pili, pilikapilika huanza katika shule na ofisi nyingi nchini. Vyeti hutolewa masandukuni, nakala hupigwa, wadhamini hutafutwa kwa simu, na ada ya maombi hulipwa. Hayo yote ni ya lazima. Lakini lipo jambo moja ambalo lingepasa kuyatangulia yote, na ambalo mara nyingi huachwa mpaka dakika ya mwisho: mwombaji kujiuliza anakwenda kutafuta nini.

Yafaa tofauti ya ngazi hizi mbili za elimu ieleweke. Katika shahada ya kwanza, mwanafunzi hupewa maswali na mwalimu wake, naye hutakiwa ayajibu. Katika shahada ya uzamili, na zaidi sana katika uzamivu, mwanafunzi hutakiwa alete swali lake mwenyewe, aeleze kwa nini linafaa kuulizwa, aonyeshe waliotangulia wamelijibu kwa kiasi gani, kisha alitafutie jibu kwa ushahidi. Asiye na swali anaweza kupata nafasi chuoni, lakini ndiye huyo ambaye baadaye hukaa miaka na tasnifu isiyokwisha, maana huwezi kumaliza safari usiyojua inaelekea wapi.

Maswali yako wapi? Wapo wanaodhani kwamba maswali ya kitaaluma hupatikana katika maktaba kubwa za miji ya mbali, na kwamba mtu wa kijiji cha wavuvi hana la kuwaambia maprofesa. Historia ya Ziwa Victoria inakanusha dhana hiyo.

Mwaka 1977 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walianza kuchunguza samaki aina ya furu katika Ghuba ya Mwanza. Furu ni samaki mdogo ambaye kwa mvuvi wa kawaida alikuwa kitoweo cha kila siku, wala hakuna aliyemwona kuwa wa ajabu. Wataalamu hao walikuta kwamba ndani ya jina hilo moja mlikuwa na mamia ya spishi tofauti, ambazo kwa sehemu kubwa hazipatikani mahali pengine popote duniani. Walipokuwa bado kazini, sangara, ambaye alikuwa ameingizwa ziwani katika miaka ya 1950, aliongezeka ghafla mwanzoni mwa miaka ya 1980, na spishi nyingi za furu zikatoweka. Tukio hilo limeandikiwa tasnifu na vitabu, na wanafunzi wa baiolojia hulisoma katika nchi ambazo hazijapata kumwona furu wala sangara. Tijs Goldschmidt, mmoja wa Waholanzi hao, alilitolea kitabu mwaka 1994, nacho kikasomwa Ulaya na Marekani.

Wageni hao walifanya kazi ya maana, na hakuna sababu ya kuwaonea kijicho. Funzo kwa mwombaji wa leo ni hili: maji wanayoyaona watu wa Nkome kila alfajiri yalitosha kuwapa watu wa mbali swali la maisha yao yote. Jambo lililokuwa la kila siku kwa mvuvi lilikuwa elimu mpya kwa ulimwengu, kwa sababu alitokea mtu wa kuliuliza kwa utaratibu.

Wapo pia wenyeji waliofanya hivyo. Mwaka 1983 Buluba Itandala alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Dalhousie, Kanada, kwa tasnifu juu ya historia ya Wabinza wa Usukuma hadi mwaka 1890. Alivuka bahari kwenda kusoma, lakini swali alilokwenda nalo lilikuwa la Usukuma. Hali kadhalika, utafiti uliofanywa katika Mkoa wa Mwanza, ambao wakati huo ulikuwa pamoja na Wilaya ya Geita, ulianza na swali ambalo mganga yeyote wa zahanati angeweza kuliuliza: je, magonjwa ya zinaa yakitibiwa vizuri katika vituo vya kawaida vya afya, maambukizo mapya ya virusi vya UKIMWI yatapungua? Matokeo yaliyotangazwa mwaka 1995 yalionyesha kwamba yalipungua kwa takribani asilimia 40, na dunia nzima ya utabibu ikasikiliza.

Sasa na itazamwe Nkome yenyewe. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali, mitumbwi mingi hupumzika. Mwalimu wa sekondari iliyo karibu na mwalo anaweza kuwa ameshangaa mara nyingi kwa nini madawati huwa matupu juma hili na kujaa juma lile. Mwalimu huyo ana daftari la mahudhurio mkononi. Akiyaweka mahudhurio ya miaka mitatu kando ya kalenda ya mwezi, anaweza kuona kama utoro wa wanafunzi unafuata giza la mwezi au haufuati. Jibu liwe ndiyo au liwe hapana, atakuwa amepata mwanzo wa tasnifu ya elimu ambayo hakuna mtu wa Dar es Salaam wala wa London anayeweza kuianza vizuri kuliko yeye.

Mwenzake anayefundisha Kiswahili amezungukwa na lugha ya wavuvi na ya wachimbaji. Mwalo, kokoro, duara na karasha ni maneno yenye kazi nzito katika mikoa ya Geita na Shinyanga, na namna yanavyochanganyika na Kisukuma, Kizinza, Kijita na Kikerewe ni somo la kutosha. Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hupokea tasnifu zilizoandikwa kwa Kiswahili, kwa hiyo hata lugha si kizuizi. Bwana afya anaweza kuuliza juu ya kichocho. Ofisa wa mazingira anaweza kuuliza zebaki inayotumiwa na wachimbaji wadogo kukamatia dhahabu huishia wapi mvua zinaponyesha. Ofisa misitu wa Shinyanga anaweza kuuliza juu ya ngitili, desturi ya Wasukuma ya kutenga malisho, ambayo mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulioanza mwaka 1986 uliifufua.

Hapana budi, hata hivyo, swali lipunguzwe. "Uvuvi katika Ziwa Victoria" si swali. Ni bahari isiyo na ufuko. "Elimu katika maeneo ya migodi" pia si swali. Swali zuri hutaja watu gani, mahali gani, kipindi gani, na jambo gani litakalopimwa. Mwombaji na ajaribu kuliandika kwa sentensi moja. Akishindwa, aendelee kufikiri kabla ya kulipa ada ya maombi.

Swali likishapatikana, taratibu nyingine hufuata kwa wepesi zaidi. Kwanza ni sifa. Vyuo vingi nchini humtaka mwombaji wa uzamili awe na shahada ya kwanza ya angalau daraja la pili. Aliyesoma nje ya nchi yampasa shahada yake itambuliwe na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, na shughuli hiyo isingojee juma la mwisho. Pili ni wadhamini. Hawa ni mashahidi wa kitaaluma: mhadhiri aliyemfundisha, au mkuu wa kazi anayeijua kazi yake. Ni desturi njema kumwandikia mdhamini mapema, kumkumbusha mwaka na somo alilofundisha, na kumpelekea lile swali. Mdhamini anayeelewa mwombaji anakusudia nini huandika barua yenye nguvu. Asiyeelewa huandika sifa za jumla ambazo hazimsaidii mtu. Tatu ni msimamizi. Mwombaji na asome maandishi ya wahadhiri wa idara anayoitaka, ajue nani anashughulikia mambo yaliyo karibu na swali lake. Idara isiyo na msimamizi wa somo hilo si mahali pake, hata kama jina la chuo ni kubwa.

Nne ni njia ya kusomea. Chuo kikuu cha kwanza kilipofunguliwa Dar es Salaam Oktoba 1961, kilikuwa na kitivo kimoja tu, cha Sheria. Leo hali ni nyingine. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kipo Morogoro tangu 1984, Chuo Kikuu cha Dodoma kilianza mwaka 2007, na jirani kabisa, Mwanza, kipo Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina vituo mikoani, na humwezesha mwalimu kusoma bila kuliacha darasa lake. Njia hiyo hudai nidhamu kubwa ya usiku na ya likizo, lakini haifai kudharauliwa.

Tano ni fedha. Bodi ya Mikopo, iliyoanza kazi mwaka 2005, imeelekeza sehemu kubwa ya fedha zake kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza. Kwa hiyo mwombaji wa uzamili na ahesabu karo, nauli, chakula, na gharama za utafiti wenyewe, ambazo wengi husahau. Upo pia ufadhili wa nje, kama ule wa Jumuiya ya Madola ulioanzishwa mwaka 1959. Ufadhili wa Chevening wa Uingereza humtaka mwombaji awe amefanya kazi kwa muda usiopungua miaka miwili, na humtaka arudi nchini kwake kwa miaka miwili baada ya masomo.

Masharti hayo mawili, kazi kabla ya masomo na kurudi baada ya masomo, si mageni nchini. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliagiza kwamba kijana afanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu. Agizo hilo lililegezwa baadaye, na lilihusu shahada ya kwanza. Lakini hoja yake inafaa zaidi katika uzamili, kwa kuwa kazi ndiyo inayozaa maswali. Julius Nyerere mwenyewe alifundisha Tabora miaka mitatu kabla ya kwenda Edinburgh mwaka 1949, na aliporudi mwaka 1952 alikwenda kufundisha Pugu. Kwa hiyo mwalimu wa Nkome asiione miaka yake ya chaki kuwa ni miaka iliyopotea. Katika fomu ya maombi, hiyo ndiyo hazina yake.

Sita, na hili lisichezewe, ni ruhusa. Mtumishi wa umma haondoki kazini kwa kuwa amepata barua ya chuo. Barua ya kuomba ruhusa hupitia kwa mkuu wake wa kazi kwenda kwa mkurugenzi wa halmashauri, nayo yafaa ipelekwe mapema ili masomo yake yaingizwe katika mpango wa mafunzo. Aondokaye bila ruhusa huhesabiwa mtoro, na utoro kazini unaweza kumpotezea mtu ajira aliyoitumikia kwa miaka mingi. Wapo wanaoulaumu utaratibu huu kwamba unachelewesha maendeleo ya mtu. Lakini na itazamwe pia hesabu ya upande wa pili. Mwalimu wa fizikia akiondoka katika shule yenye mwalimu mmoja wa somo hilo, wanafunzi wanabaki na nani? Mtoto wa kidato cha tatu hataingojea tasnifu imalizike. Mtihani wake utafika kwa tarehe yake.

Hapo ndipo uzito wa jambo hili ulipo. Mwaka 1964 Mwalimu Nyerere alimfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa, ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake msaada. Kwa mwalimu anayekwenda kusoma zaidi, kijiji hutoa kitu kikubwa kuliko chakula: humtoa yeye mwenyewe, pamoja na vipindi vyote atakavyokosekana darasani. Ni mkopo usioandikwa katika daftari la benki yoyote. Kijiji kina haki ya kuuliza kitalipwa nini.

Malipo hayo hayadai kwamba kila aliyesoma arudi akae kijijini maisha yake yote. Wengine watahamishwa, wengine watahitajika vyuoni. Lakini aliyeondoka na swali la Nkome anaweza kulipa hata akiwa mbali, kwa sababu jibu lake lina mwenyewe. Nakala ya tasnifu na ipelekwe katika shule iliyotoa madaftari yake. Wazazi na wavuvi waliohojiwa waitwe wasomewe, kwa Kiswahili chepesi, yale yaliyogunduliwa. Halmashauri ipewe mapendekezo katika kurasa mbili au tatu ambazo diwani anaweza kuzisoma kwa kikao kimoja. Tasnifu inayoishia katika kabati la chuo imemfaa mtu mmoja tu.

Ndugu walimu na ndugu watumishi, muda uliobaki kabla ya nafasi kutangazwa tena si wa kungoja. Aliye na nia na anunue daftari leo, aandike kila jambo linalomshangaza kazini kwa muhula mzima, kisha achague moja. Asome maandishi ya wengine juu ya jambo hilo. Ajifunze takwimu kidogo na matumizi ya kompyuta. Amweleze mkuu wake wa kazi nia yake, na amwandae mwenzake wa kushika vipindi. Siku fomu itakapotoka, atakuwa hana kazi kubwa iliyobaki ila kuijaza.