Somo la Magari: Feni ya Rejeta na Njia ya Upepo

Leo twazungumza juu ya feni ya rejeta izungushwayo kwa umeme, kama ile iliyomo katika magari madogo mengi ya siku hizi. Neno kuu la somo letu ni hili: haitoshi feni kuzunguka, lazima ipeleke upepo upande unaotakiwa.

Kazi ya feni ni nini? Gari liendapo mbio, upepo wa njiani huingia kwa mbele, hupita katika rejeta na kuyapoza maji. Gari liendapo polepole upepo huo hupungua, na hapo feni hushika zamu. Feni ikizunguka kinyume husukuma hewa ya moto ya injini kuelekea mbele, ikapambana na upepo wa njiani.

Mtu wa Mbeya au Iringa aweza kutembea na gari la namna hiyo siku nyingi asijue, kwani baridi ya kwetu huficha ubovu. Lakini siku atakayotoka Ruaha Mbuyuni akapanda Kitonga nyuma ya lori lenye shehena, injini ikifanya kazi nzito na upepo ni haba, ndipo maji yatakapochemka. Injini ikichemka huunguza gasketi na kupinda silinda hedi, na matengenezo yake huzidi sana bei ya feni.

Sasa, kubadili feni. Zima injini uache ipoe kabisa. Usifungue kifuniko cha rejeta kikiwa cha moto. Ondoa waya wa hasi wa betri, maana feni nyingine huanza kuzunguka ingawa injini imezimwa, ikakata vidole. Chomoa soketi ya nyaya, fungua bolti, utoe feni pamoja na fremu yake. Ilaze feni mpya kando ya ile ya zamani, ulinganishe upana wake, jinsi mapanga yalivyoinama, na soketi yake. Ukiisha kuifunga, izungushe kwa mkono: isiguse rejeta wala fremu.

Kisha pima upepo. Rudisha waya wa betri, washa injini gari likiwa limesimama, ungoje feni ianze. Shika karatasi nyepesi mbele ya gari, penye matundu ya kuingizia hewa. Karatasi ikivutwa na kung'ang'ania hapo, upepo ni sawa. Ikisukumwa kukujia, feni inazunguka kinyume.

Basi zima injini, ondoa tena waya wa betri. Ikiwa mota ina nyaya mbili tu, zibadilishane mahali, kisha upime tena. Ikiwa ina nyaya zaidi, au kisanduku cha kuiongoza, usiguse. Mwite fundi umeme. Wala usigeuze mapanga yatazame nyuma ukidhani upepo utageuka. Hautageuka, utadhoofika tu.

Maswali ya kujipima:

1. Kwa nini feni iliyo kinyume haionekani upesi penye baridi?
2. Karatasi ikivutwa kwenye matundu ya mbele, maana yake nini?

Jibuni pamoja na wenzenu kabla ya somo lijalo. Kwaherini.