Mtoto Kiziwi Anapoiona Sauti Yake

Maneno ya afisa wa habari wa kaunti kwa wazazi na walimu



Leo mkifika nyumbani, simameni mbele ya kioo mtamke polepole: papa, baba, mama. Mtaona midomo ikifanya kitu kimoja. Sisi tunaosikia hutofautisha maneno hayo kwa masikio. Mtoto kiziwi anayetazama midomo tu haoni tofauti, na akijaribu kuyatamka hana njia ya kujua kama amepatia.

Hapo ndipo teknolojia ya kuonyesha sauti inaposaidia. Mtoto huzungumza kwenye maikrofoni, na kompyuta ikaichora sauti yake papo hapo. Akipaza sauti, puto kwenye skrini linafura. Sauti ikipanda, mstari unapanda; ikishuka, unashuka. Mwalimu hutamka kwanza, kisha mtoto hujaribu kuufuata mchoro wake.

Wazo hili si geni. Alexander Graham Bell, aliyekuwa mwalimu wa viziwi mjini Boston kabla ya kuvumbua simu, alijaribu mwaka 1874 chombo kilichochora mitetemo ya sauti kwenye kioo chenye masizi. Miaka ya 1980, kampuni ya IBM ilitoa programu ya SpeechViewer kwa kazi hii. Siku hizi programu ya Praat, kutoka Chuo Kikuu cha Amsterdam, huchora sauti na hupatikana bila malipo.

Shule isiyo na kompyuta pia ina pa kuanzia. Karatasi nyepesi mbele ya mdomo hucheza kwa pumzi ya p. Mkono kooni huhisi mtetemo wa b. Kidole puani huhisi m.

Lakini tuelewane. Skrini humwonyesha mtoto kwamba amekosea. Haimwelezi ulimi uende wapi. Kazi hiyo ni ya mwalimu. Tena, si kila mtoto atazungumza kwa ufasaha, na hilo si aibu yake wala yako. Anayekuuzia mashine kwa ahadi kwamba mtoto atasema baada ya wiki chache, usimpe pesa.

Kubwa zaidi, mashine isichukue nafasi ya Lugha ya Ishara ya Kenya, ambayo Katiba, Kifungu cha 7, inaitaka serikali kuikuza. Mtoto akicheleweshwa ishara ili kwanza ajifunze kusema, anapoteza miaka ambayo lugha hushika kwa urahisi. Mtoto asiye na lugha yoyote hawezi kukuambia tumbo linamuuma, wala nani amemdhuru. Basi ishara zianze mapema, nasi nyumbani tujifunze pamoja naye. Mazoezi ya kutamka yawe nyongeza.

Mtoto wako asipogeuka ukimwita kutoka nyuma, au asikio likitoa usaha, mpeleke kituo cha afya bila kungoja akue. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba asilimia 60 ya upotevu wa kusikia kwa watoto ungeweza kuzuiwa, kwa hatua kama chanjo na matibabu ya mapema. Kisha uliza kituo cha tathmini cha EARC kilicho karibu, kinachowapima watoto wenye mahitaji maalum na kushauri kuhusu shule.

Tusimfiche mtoto yeyote.