Koili Inayotibu: Mazungumzo na Akina Mama wa Kitui na Makueni

Kazi yangu katika kaunti ni habari, si udaktari, kwa hivyo leo sitampima mtu. Nataka tu kujibu swali moja: “Niliacha kuzaa kitambo, mbona daktari anataka kuniwekea koili?”

Koili ziko aina mbili. Ya shaba ni ya kupanga uzazi, na inaweza hata kuongeza damu ya hedhi. Ya pili ni ya homoni: kifaa kidogo cha plastiki chenye umbo la herufi T, kilichobeba miligramu 52 za dawa ya levonojestreli, ambayo hutoka kidogo kidogo ndani ya mfuko wa uzazi. Hii ndiyo hutibu utando wa ndani ya mfuko huo ukinenepa kupita kiasi.

Homoni ya estrojeni huukuza utando kama mvua inavyootesha shamba, projesteroni huuzuia. Estrojeni ikibaki peke yake, utando huendelea tu kukua. Hutokea sana hedhi inapokaribia kukoma, na kwa wenye uzito mkubwa, maana mafuta ya mwili nayo hutengeneza estrojeni. Dalili ni damu nyingi, hedhi isiyo na mpangilio, au damu baada ya hedhi kukoma. Hiyo ya mwisho, mama, usingoje irudi. Hata ikiwa ni tone, nenda hospitali.

Daktari atapiga skani, kisha achukue kipande kidogo cha utando kipelekwe maabara. Seli zikiwa za kawaida, wanaopata saratani ni chini ya 5 kwa kila wanawake 100 katika miaka 20, na koili ya homoni ndiyo tiba inayopendekezwa kwanza, mbele ya vidonge. Seli zikiwa zimebadilika, hatari ni kubwa zaidi, na kwa kawaida ushauri ni kutoa mfuko wa uzazi. Koili huachiwa anayetaka bado kuzaa au asiyeweza upasuaji, tena kwa uangalizi wa karibu. Ndiyo maana nasema uliza majibu ya maabara yalisema nini.

Miezi 3 hadi 6 ya kwanza, damu inaweza kuja ovyo ovyo. Usikimbilie kuitoa. Lakini homa au maumivu makali ya tumbo, rudi siku hiyo hiyo. Kipimo cha utando hurudiwa baada ya miezi 6, na daktari hutaka majibu safi mara mbili mfululizo. Koili yenyewe inaweza kukaa miaka 5.

Najua wengi wetu ni Wakatoliki, na wapo wanaoikataa kwa sababu hiyo. Waraka wa Papa Paulo wa Sita wa mwaka 1968, ule ule uliokataza kuzuia mimba, unaruhusu tiba inayohitajika kwa ugonjwa hata kama itazuia uzazi, mradi nia si hiyo. Zungumza na padri. Na mzee wa nyumbani akiwa na shaka, nendeni naye kliniki asikie mwenyewe.

Anzia kituo cha afya kilicho karibu, uombe barua ya kwenda hospitali ya rufaa ya kaunti, Wote au Kitui mjini. Kama hujajisajili SHA, piga *147#, na uulize gharama mapema. Andika tarehe za damu kwenye daftari, uende nalo.