Meno ya mbele: enameli huumbwa mara moja tu

Leo yanaangaliwa meno ya mbele: jinsi yalivyoumbwa, kasoro zinazoweza kuyapata hata kabla hayajachomoza, na yale magamba membamba ya kauri yaitwayo vinia, ambayo hubandikwa juu ya meno ili kuzificha kasoro hizo.

Mtu mzima ana meno manane ya kukatia, manne juu na manne chini, na pembeni mwake zipo chonge nne. Sehemu ya jino inayoonekana juu ya ufizi imefunikwa na enameli, kitu kigumu kuliko vyote katika mwili wa mwanadamu. Karibu asilimia 96 ya uzito wake ni madini. Chini ya enameli ipo dentini, yenye rangi ya manjano kidogo na vijitundu vidogo mno vinavyopitisha hisia za baridi na joto. Katikati kabisa kipo kiini chenye mishipa ya damu na ya fahamu.

Pamoja na ugumu wake, enameli ina udhaifu mmoja mkubwa. Chembe hai zinazoitengeneza hutoweka jino linapochomoza. Mfupa uliovunjika huunga na ngozi iliyokatwa hupona, lakini enameli iliyoondoka haioti tena.

Enameli ya meno mawili ya juu ya katikati huanza kujengwa mtoto akiwa na umri wa miezi mitatu au minne, na hukamilika akiwa na miaka minne au mitano. Jino lenyewe huchomoza akiwa na miaka saba au minane. Kwa hiyo doa analoliona mzazi mtoto akiwa tayari shuleni lilianza zamani, wakati mtoto bado ananyonya au anajifunza kutembea.

Kasoro za namna hiyo ni nyingi. Wako wanaoota jino la ziada katikati ya meno mawili ya mbele. Wengine meno yao ya pembeni huwa madogo na membamba kama vigingi, au hayaoti kabisa. Wapo wanaorithi enameli laini inayomeguka. Mtoto anayeanguka na kuumiza jino la utoto anaweza pia kuharibu jino la ukubwani lililo chini yake. Mwanya, kwa upande mwingine, si ugonjwa. Katika pwani ya Afrika Mashariki umehesabiwa kuwa urembo tangu enzi za mababu.

Lakini kasoro inayojulikana zaidi kwa watu wa Bonde la Ufa ni meno yenye rangi ya kahawia. Chanzo chake kilitafutwa kwa muda mrefu mbali na Afrika. Mwaka 1901 daktari wa meno Frederick McKay alifika mji wa Colorado Springs, Marekani, akakuta wenyeji wengi wana meno yenye madoa ya kahawia. Jibu lilipatikana mwaka 1931, pale mkemia H. V. Churchill alipopima maji na kugundua kuwa yana madini ya floraidi kwa wingi.

Katika Afrika Mashariki madini hayo hutoka katika miamba ya volkano. Ndiyo maana madoa hayo huonekana kwa watu wa Arusha, wa miteremko ya Meru na Kilimanjaro, wa Nakuru na wa Naivasha. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita, lakini visima na chemchemi nyingi za maeneo hayo huvuka kiwango hicho. Magadi yanayotiwa katika makande na maharage nayo huweza kuongeza floraidi.

Mtu wa Moshi au Nakuru anayehamia London, Muscat au Minneapolis husafiri na rangi hiyo. Huulizwa kama anavuta sigara, au hudhaniwa kuwa hapigi mswaki. Wengine huzoea kufunika mdomo wanapocheka. Ukweli ni kwamba doa hilo si uchafu. Limo ndani ya enameli yenyewe, na mswaki hauwezi kuliondoa.

Hapo ndipo vinia inapoingia. Kwa kawaida hutajwa kuwa ilianza mwaka 1928 kwa Charles Pincus, daktari wa meno wa California, aliyewabandikia waigizaji wa Hollywood magamba ya muda. Magamba hayo yalibanduliwa baada ya kupigwa picha. Mwaka 1955 Michael Buonocore alionyesha kuwa asidi ikipakwa juu ya enameli huikwaruza kiasi cha kuiwezesha gundi kushika. Katika miaka ya 1980 vinia za kauri zinazodumu zikaenea.

Siku hizi daktari hukwangua uso wa jino, huchukua kipimo, na fundi hutengeneza gamba lenye unene wa kiasi cha nusu milimita. Kazi ikifanywa vyema, vinia hudumu miaka kumi au zaidi, kisha hubadilishwa. Anayewekewa akiwa na miaka 20 ajue kwamba atarudi kwenye kiti hicho mara kadhaa maishani.

Msikilizaji apambanue vinia na kofia ya jino. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2002 vilionyesha kuwa vinia huondoa kati ya asilimia 3 na 30 ya sehemu ya jino iliyo juu ya ufizi, ilhali kofia huondoa kati ya asilimia 63 na 72. Chama cha madaktari wa meno cha Uingereza kimewatahadharisha wanaosafiri kwenda nchi za nje kutafuta bei nafuu, kwa sababu baadhi yao hudhani wanapata vinia, kumbe meno yao mazima yanasagwa yabaki kama vijiti ili yavikwe kofia. Jino lililosagwa hivyo huweza kuuma, au kiini chake kikafa.

Kabla ya kukubali kukwanguliwa, zipo njia za upole za kujaribu kwanza. Madoa mepesi huweza kupunguzwa kwa dawa ya kung'arisha, au kwa kusugua tabaka la juu kabisa la enameli kwa asidi na unga laini. Jino lenye umbo la kigingi huweza kujazwa kwa kompositi bila kukwanguliwa sana. Mgonjwa ana haki ya kuuliza maswali matatu: ni kiasi gani cha jino kitaondolewa, kuna njia gani nyingine, na gamba likibanduka nani atalitengeneza?

Na kwa mzazi, kinga ni ya miaka ile ya kwanza. Kuchemsha maji hakuondoi floraidi. Kinyume chake, maji yakipungua sufuriani floraidi huzidi kukolea. Maji ya mvua yaliyokingwa kwa usafi ni salama zaidi kwa jambo hili, na vichujio vya mkaa wa mifupa, vilivyofanyiwa kazi huko Ngurdoto mkoani Arusha na huko Nakuru, hupunguza floraidi. Dawa ya meno yenye floraidi haina budi kutumika, kwani kwa kiasi kidogo huzuia meno kutoboka. Mtoto wa chini ya miaka mitatu apakiwe chembe tu, kama punje ya mchele, na afundishwe kutema.

Mtu mzima mwenye meno ya kahawia hana kosa wala deni la aibu kwa yeyote. Akitaka kuyabadili, ni hiari yake. Ila ajue kwamba enameli aliyo nayo, hata yenye madoa, ni ya kwanza na ya mwisho.