Mtaro Kwanza, Lami Baadaye
Hotuba ya Karani wa Chama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka



Kamati imenitaka niseme machache juu ya barabara yetu na maji ya mvua, kabla mkutano huu haujapiga kura juu ya azimio la tatu. Nimeona vema niyaandike maneno yangu ili yachapwe pamoja na taarifa ya mwaka, na yule ambaye hakuweza kufika leo apate kuyasoma nyumbani kwake.

Mji wetu wa Nakuru umejengwa mtelemkoni. Juu yetu uko mlima wa Menengai, na chini yetu liko Ziwa Nakuru, ambalo halina mto utokao. Kila takataka ipelekwayo na maji hata ziwani hukaa humo. Udongo wetu nao ni wa majivu ya volkano. Ni mwepesi, ukilowa huchukuliwa upesi, na mara nyingine wakati wa mvua ardhi hupasuka na kuacha mashimo marefu. Tena maji ya upande wa juu, kabla hayajafika ziwani, hayana budi kupita chini ya barabara kuu iendayo Uganda na chini ya njia ya reli. Kwa hiyo mtaro ukiziba hapa kwetu, maji hayakosi kwenda. Hutafuta njia kwa nguvu, na njia hiyo huwa ni mlango wa mtu.

Wote twakumbuka usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, huko Mai Mahiu, katika kaunti yetu hii hii. Maji yalikusanyika nyuma ya tuta la reli, kwa kuwa njia yake ya chini ilikuwa imezibwa na miti, mawe na matope. Tuta lilipobomoka watu zaidi ya 40 walipoteza maisha, wengi wao wakiwa usingizini. Sisemi kwamba mtaa wetu uko katika hatari iliyo sawa na ile. Nasema kwamba maji yaliyozuiliwa hayasahau.

Sasa, nani mwenye kazi hii? Wazee wetu bado husema, "Twendeni kwa Meya." Meya hayupo tena. Mabaraza ya miji, pamoja na lile la Manispaa ya Nakuru, yalikoma mwaka 2013 serikali za kaunti zilipoanza kazi chini ya Katiba ya 2010. Jedwali la Nne la Katiba limeziweka mikononi mwa kaunti kazi za barabara za kaunti, taa za barabarani, masoko, uzoaji wa taka, na mitaro ya maji ya mvua katika sehemu zilizojengwa. Kadhalika, Nakuru ilipewa hati ya kuwa jiji tarehe 1 Desemba 2021, na kwa Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya mwaka 2011, jiji huendeshwa na Bodi pamoja na Meneja wake kwa niaba ya serikali ya kaunti. Lakini barabara kuu ina mamlaka yake ya kitaifa, na reli ina shirika lake. Basi kabla ya kuandika barua juu ya kalvati yapasa tujue kwanza ni kalvati ya nani, la sivyo barua yetu itatembea kutoka ofisi hadi ofisi mpaka karatasi ichakae.

Siku ile ya hati ya jiji twalifurahi sana, na wengine walidhani kwamba lami itafuata hati kama vile mkia ufuatavyo ng'ombe. Hati haina fedha ndani yake. Fedha hupatikana katika bajeti, na bajeti ina tarehe zake.

Hapa sina budi kukiri kosa langu mbele yenu. Barua yetu ya kuomba mtaro niliiandika mwezi wa Mei, baada ya mvua kuingia katika nyumba sita za wanachama. Niliiandika kwa uangalifu, nikapiga muhuri wa chama, nikaipeleka mwenyewe. Karani mwenzangu aliyeipokea akaniambia kwa upole, "Bwana, makadirio yamekwisha kwenda." Nalirudi nyumbani nikasoma sheria ambayo ingalinipasa kuisoma mwaka mzima kabla ya hapo. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 imeweka mambo hivi:

Kwanza, mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa katika Bunge la Kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba.

Pili, waraka wa mwelekeo wa matumizi hupelekwa kabla ya tarehe 28 Februari.

Tatu, makadirio yenyewe hupelekwa kabla ya tarehe 30 Aprili.

Nne, mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai.

Ombi lisiloingia katika mpango wa Septemba ni vigumu kuingia katika makadirio ya Aprili. Nasi, ndugu zangu, huamka mvua inapotunyeshea, yaani Aprili na Mei, wakati ambapo mlango umekwisha kufungwa. Ndiyo sababu tulipata greda mara moja wakati wa kiangazi, ikasawazisha barabara bila mtaro, na mvua ya kwanza ikaichukua changarawe yote. Barabara isiyo na mtaro ni sawa na kutia maji katika pakacha, hata ikiwa ina lami.

Kwa hiyo kamati yapendekeza maazimio matatu.

Azimio la kwanza: barua yetu iandikwe upya, ikiwa na ramani ndogo na orodha ya nyumba zilizoingiliwa na maji, ifike kwa Bodi ya Jiji, kwa Msimamizi wa Wadi na kwa Mwakilishi wetu wa Wadi kabla ya mwezi wa Agosti. Nakala yetu igongwe muhuri wa kupokelewa. Tukitaka kujua yaliyoamuliwa, Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 humpa afisa siku 21 za kutujibu.

Azimio la pili: wanachama wanne, wawili wakiwa wanawake, wachaguliwe leo kuhudhuria kila mkutano wa wananchi juu ya bajeti. Waandike yaliyosemwa, nao waje kutusomea.

Azimio la tatu ndilo zito. Mtaro wa zamani upo. Wazee wauonyesha kwa kidole. Lakini juu yake tumejenga vibanda, tumesimamisha nyua, na mahali pengine tumetupa taka mpaka umejaa. Mhandisi akija kesho hatapata mahali pa kuuweka utepe wake. Kamati yataka kila mwanachama aliyejenga juu ya njia ya maji aondoe kitu chake mwenyewe kabla ya barua yetu kupelekwa.

Najua uchungu wake. Mama anayeuza mboga katika kibanda hiki hulipa karo kwa mboga hizo hizo. Kumwambia ahame bila kumwonyesha mahali pa kwenda ni ukatili. Kwa sababu hiyo kamati yaomba kiwanja kilicho kando ya ukumbi wetu wapewe wenye vibanda bila kodi kwa mwaka mmoja, na mfuko wa chama uwakopeshe gharama ya kuhamia, bila riba.

Wengine wameniuliza pembeni kwa nini tusingoje serikali ije kubomoa. Tukingoja, tingatinga litakuja alfajiri, wala halitamwuliza mama mboga amelala wapi. Afadhali tuhame kwa mpango wetu wenyewe, mchana, tukisaidiana kubeba mabati.

Mwisho, Bwana Mwenyekiti, isije ikasemwa kwamba karani awatwisha wengine mzigo asioubeba. Kamati ilipopima, ukuta wa nyumba yangu ulionekana umeingia katika njia ya maji kwa hatua mbili. Niliujenga bila kupima, nikidhani ardhi isiyo na mwenyewe haina kazi. Fundi wangu ataanza kuubomoa Jumamosi ijayo, na matofali yatakayobaki mazima nayatoa kwa chama yatumike katika kiwanja cha vibanda.

Kwa maneno hayo nayaweka maazimio haya mbele yenu.