Faili Lipo, Programu Imepotea Njia



Majuzi nilikuwa nyumbani Sumbawanga, mji ambao jina lake husemekana maana yake ni kutupa uchawi. Nalitaja hilo kwa sababu katika ofisi ya chama kimoja cha wakulima nilikuta uchawi umeanza kutajwa. Wakulima walikuwa barazani tangu asubuhi wakingoja fedha za mahindi, na kompyuta ilikuwa na jibu moja tu: faili halipo. Karani alikwisha kuamini kwamba orodha yote ya magunia imefutika.

Orodha ilikuwapo. Programu na orodha yake vilikuwa ndani ya flashi. Siku zote Windows iliipa flashi ile herufi E. Siku hiyo E ilikuwa imeshachukuliwa na flashi nyingine, basi ikaipa F. Naye aliyetunga programu aliandika ndani yake kwamba orodha iko E. Programu ikaenda E, ikakuta nyimbo za mtu.

Wazee wetu wa Ufipa waliohamishiwa vijijini miaka ya 1970 wangelielewa jambo hili upesi kuliko mimi. Aliyemwambia mwanawe, "Jembe liko nyuma ya mlango wetu," maneno yake yalikuwa kweli kule walikotoka na kule walikokwenda. Aliyesema, "Liko chini ya mti ule wa bondeni," alimpeleka mtoto kwenye mahame.

Programu inayohamishika hufuata njia ya yule wa kwanza. Inapoanza kazi huuliza mfumo wa kompyuta: mimi mwenyewe nimekaa wapi? Windows hujibu ikiulizwa. Linux huliweka jibu mahali paitwapo /proc/self/exe, panapoelekeza kwenye faili la programu yenyewe. Ikishajua ilipo, huhesabu hatua kutoka hapo: toka folda hii, ingia ile ya jirani, chukua orodha.

Lakini pana mtego, na mafundi wazuri hunaswa. Mahali programu inapokaa si lazima pawe mahali alipo anayeiita. Nikiwa Laela nikampigia simu seremala wa Sumbawanga, msumeno wake hauwi Laela kwa sababu mimi niko Laela. Programu nyingi huutafuta msumeno kwa mpiga simu. Siku ya majaribio wote wawili wako chumba kimoja, kila kitu kinakwenda sawa, fundi analipwa, anaaga.

Pale ofisini tuliichomoa flashi ya nyimbo, tukaiagiza Windows irudishe herufi E kwa flashi ya chama. Orodha ikafunguka, jina kwa jina. Nikamsihi karani ainakili kwanza mahali pengine, maana flashi hupotea mfukoni. Malipo yakaanza saa nane mchana. Fundi aliyeitunga programu ile, nimeambiwa, bado anatafutwa.