Mshenga wa Mdeni
Hotuba ya Katibu katika sherehe ya miaka kumi ya Chama Kikuu, Bariadi



Wenzangu watasema habari za pamba, maghala na bei. Mimi nimeomba ruhusa niseme habari ya deni, jambo ambalo wengi wetu hulinong'ona tu. Naomba msinione kuwa ninaharibu sherehe.

Sote twajua jinsi ulivyo mwaka wa mkulima wa Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega. Pamba hupandwa Novemba na Desemba, na fedha yake huonekana soko lifunguliwapo mwezi wa Mei au baadaye. Walakini shule hufunguliwa Januari, na magugu hayangoji soko. Katika miezi hiyo ndipo mkopeshaji hubisha hodi. Mikopo yake watu wameipa jina la "kausha damu", na jina hilo halihitaji maelezo. Wala si kila deni latokana na uzembe. Katika msimu wa 2019 wakulima wengi walikwisha kupima pamba yao, kisha wakangoja malipo miezi kadhaa, kwani bei ya dunia ilianguka na wanunuzi wakashindwa kulipa. Mtu aliyekuwa akidai alilazimika kukopa.

Mwanachama mmoja, ambaye sitamtaja jina, alikopa shilingi 400,000 mwezi wa Desemba, akaweka rehani ng'ombe wake wawili wa kulimia. Hati aliyoitia sahihi bila kuisoma ilimtaka atoe 80,000 kila mwezi juu ya mkopo wenyewe. Ilipofika Juni alikuwa amelipa 100,000, naye akaambiwa kuwa bado anadaiwa 780,000. Akaacha kupokea simu. Akaanza kupita njia ya nyuma siku za gulio, mtu mzima mwenye wajukuu.

Alipokuja ofisini alitaka Chama kimkopeshe ili akalipe. Nilikataa, na sioni haya kusema hivyo, kwani kukopa ili kulipa deni kama lile ni kuhamisha moto kutoka chumba hiki kwenda kile. Badala yake tuliketi na karatasi. Tuliandika kilo za pamba alizotazamia, chakula cha nyumba, karo, na dawa za mama yake. Ilibainika kuwa aliweza kutoa 300,000 akiuza pamba, na 120,000 mwezi wa Agosti. Zaidi ya hapo watoto wangelala njaa, na ahadi ingevunjika.

Kisha tukaenda kwa mkopeshaji, watu watatu: mdeni, mimi, na msaidizi wa kisheria, mmoja wa wale wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, ambao humsaidia mtu asiye na uwezo bila malipo. Hatukwenda kwa ugomvi. Msaidizi alieleza kwa upole kwamba chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 mkopeshaji hana budi kuwa na leseni, na kwamba Benki Kuu iliweka kikomo cha riba cha asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wa daraja lake. Kwa mkopo ule kikomo ni 14,000 kwa mwezi, wala si 80,000. Bwana yule alikuwa na leseni, naye aliipenda leseni yake. Tulikaa mpaka alasiri. Mwishowe alikubali 420,000 kwa mafungu mawili, ng'ombe wasiguswe, na deni likome.

Jambo hilo liliandikwa na kutiwa sahihi na pande zote mbili, na maneno "deni limekwisha" yalikuwamo. Nasisitiza haya kwa kuwa mwanachama mwingine alipatana kwa mdomo tu, akalipa, na baada ya miezi michache akadaiwa salio upya.

Katika nchi nyingine kazi hii ina mashirika yake. Uingereza liko shirika la hisani liitwalo StepChange, lililoanzishwa mwaka 1993, ambalo huwasaidia watu walioelemewa na madeni ya kadi za benki. Halimtozi mdeni hata senti. Hupima kwanza mapato na matumizi yake, kisha pendekezo hupelekwa kwa wadai wote, wasimamishe riba au wapokee kidogo kidogo. Pengine mdai hukubali sehemu tu na kufuta iliyobaki. La ajabu ni kwamba sehemu kubwa ya fedha za shirika hilo hutoka kwa wakopeshaji wenyewe. Wamekwisha kuona kuwa mdeni aliyepangiwa vema hulipa kuliko aliyekimbia.

Nami nilipata kukimbia. Nilikopa kwa simu, nikachelewa, na ujumbe wa matusi ukafika kwa shemeji zangu na kwa mwalimu wangu wa zamani. Mwezi wa Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali. Aibu ile ilininyamazisha mwaka mzima, na katika mwaka huo hakuna aliyeweza kunisaidia, maana hakuna aliyejua.

Ndugu wajumbe kadhaa wameniambia kuwa Chama si mahakama, tena si mfuko wa sadaka. Ni kweli. Lakini wazee wetu wa Kanda ya Ziwa, wakiongozwa na Paul Bomani, waliunda chama cha wakulima mwaka 1952 na muungano wa vyama mwaka 1955 kwa sababu hawakuiamini mizani ya mnunuzi. Hesabu ya mkopeshaji nayo ni mizani, na leo mwanachama huikabili peke yake. Nasi tunavyo vitabu vya mauzo. Twajua kilo za kila mtu.

Kwa hiyo naomba mkutano uidhinishe daftari la mapatano, kwa masharti mawili. Chama kisimdhamini mdeni yeyote, na afisa yeyote asipokee chochote, si kwa mdeni wala kwa mdai. Nikipokea kuku mmoja tu, kazi hii imeharibika.

Mkikubali, nitaanza gulio lijalo. Mwanachama aje na hati zake zote, pamoja na zile alizomficha mkewe au mumewe. Mlango wa ofisi una pazia, na daftari nitalifungia kabatini.